Amplifaya ya gitaa la nyuzi saba: ununue ipi ukiwa Bagamoyo

Uzi wa saba, ule mnene unaotoa noti ya B, hutetema mara 62 hivi kwa sekunde. E ya chini ya gitaa la kawaida hutetema mara 82. Hapo ndipo amplifaya nyingi zinaposhindwa: mpigaji anapandisha geini (nobu ya kuongeza ukali wa sauti), anaongeza besi, na rifu lote, yaani kipande kile cha gitaa kinachorudiwa, linakuwa uji. Kwa mziki mzito, yaani metali, tunatafuta amplifaya yenye distosheni (ule mkwaruzo mzito wa sauti) ya kutosha, lakini besi yake iwe imebana na ikatike haraka. Wati zinafuata baadaye.

Ukienda Kariakoo kutazama, beba gitaa lako mwenyewe. La dukani lenye nyuzi sita halitakuonyesha unachotaka kujua. Laza kiganja kwenye nyuzi karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, piga B harakaharaka, kisha kata ghafla. Amplifaya inayofaa hunyamaza pamoja na mkono wako. Isiyofaa huendelea kunguruma au kupiga mluzi, na muuzaji atakwambia ndivyo distosheni ilivyo. Usikubali.

Kabla hata ya kuuliza bei, igeuze usome kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Mtumba wa Marekani huandikwa volti 120, wa Japani volti 100, na ukiuchomeka moja kwa moja ukutani, ukibahatika itaungua fyuzi tu. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, mradi wati zake zizidi zile ambazo amplifaya inakula. Na hata ukipata ya volti 230, tenga hela ya stebilaiza, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka.

Namba moja kwa wengi wetu naiweka Boss Katana 100. Haina valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), haihitaji fundi wa pekee, na ina swichi ya kushusha nguvu kutoka wati 100 hadi 50 na hadi nusu wati. Kwa anayeishi chumba cha kupanga, hiyo nusu wati ni kitu kikubwa: unapata distosheni kamili bila jirani kugonga ukuta. Anzia kwenye sauti iitwayo Brown. Weka geini nusu au chini yake, besi ipunguze, na midi, yaani sauti za kati, usiiue, maana ndiyo inayokufanya usikike ngoma na gitaa la besi zikiingia. Kisha iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, washa busta ya T-Scream (inayosukuma sauti ya gitaa kabla ya distosheni), shusha draivu yake, yaani mkwaruzo wake, hadi sifuri na upandishe levo, yaani nguvu ya sauti. Mbinu hii wapigaji wa metali wameitumia miaka mingi kwa pedali ya Ibanez Tube Screamer: inapunguza besi kabla sauti haijafika kwenye distosheni, na B iliyokuwa inavurugika inatoka noti kwa noti. Kizuia kelele kimo humohumo ndani. Udhaifu wake ni kwamba mgongo wa boksi uko wazi, kwa hiyo ukiibana ukutani besi inavimba. Ivute mbele hatua moja. Katana 50 inatosha chumbani, ila kama unapiga na mpiga dramu wa kweli, subiri ujazie hela uchukue ya 100.

Namba mbili ni Line 6 HX Stomp au POD Go, vifaa vidogo vya kukanyaga vinavyoiga sauti ya amplifaya, yaani kutokuwa na amplifaya kabisa. Kwa mwanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, au yeyote anayepiga kwenye kumbi zenye spika na fundi mitambo wake, huenda hii ikawa namba moja. Inaingia kwenye begi, unapanda nayo bodaboda, unampa fundi waya mmoja wa kuchomeka kwenye mikisa. Hakikisha tu umewasha mwigo wa spika (unaoiga boksi la spika la gitaa), la sivyo sauti itakwaruza masikio ya watu. Nyumbani tumia hedifoni. Sikuiweka juu kwa sababu ukumbi wenye spika mbovu utakuangusha, na huna cha kujiokoa nacho jukwaani.

Orange Super Crush 100 ni ya tatu. Nayo haina valvu, ina nobu chache, sauti nene na ya joto. Inataka Tube Screamer mbele yake ili B ibane.

Sasa valvu. EVH 5150 III ya wati 50 naiweka ya nne, na Peavey 6505 ya mtumba ya tano, ingawa kwa sauti peke yake ningezipindua zikae juu. Ukoo wao ni mmoja: Peavey 5150 ilitoka 1992 ikiwa na jina la mpiga gitaa Eddie Van Halen, baadaye ikaitwa 6505, na rekodi nyingi za metali zimepigwa kwayo. B ikipita humo unaisikia kifuani. Lakini 6505 ina wati 120 na valvu nne za 6L6, ni nzito, inahitaji boksi la spika kando, na ukiiwasha bila spika unaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti. Oanisha omu (namba ya ukinzani iliyoandikwa nyuma) za amplifaya na za boksi. Ndani yake kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo asiifungue fundi asiyezijua valvu. Kama huna fundi huyo na huna valvu za akiba, iache. Mesa Dual Rectifier nayo ni nzuri, ila besi yake ni legevu zaidi na kwa B itakupa kazi.

Kwa mtumba wowote uliokaa pwani, mulika tochi kwenye tundu la kuchomekea gitaa. Ukiona ukijani, chumvi imeshaingia. Zungusha kila nobu polepole ukiwa umepandisha sauti: mkwaruzo mdogo huisha kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, lakini sauti ikikatika kabisa, omba bei ishuke au endelea kutafuta. Ukishafika nayo nyumbani, isimame mbali na dirisha linalotazama bahari, na ifunike ikiwa imeshapoa.