MusicBee au VLC: ipi ikutunzie nyimbo?

Kwa mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo Kirumba au Igoma, hapa Mwanza, kompyuta yake ikiwa ya Windows, programu hizi mbili za kucheza muziki ni za bure lakini hazifanyi kazi moja.

VLC hucheza karibu faili lolote, video pia, na ipo hata kwa Linux na Android. Hapo sina ubishi.

MusicBee ni ya Windows tu, ila kwenye kupanga naipenda zaidi, tena sana. Nyimbo za bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, mara nyingi hufika kwenye flashi zikiitwa "Track 01", msanii hajulikani. MusicBee hukuwezesha kuchagua mafaili mengi kwa mpigo, ukaandika msanii, albamu na mwaka, kisha yenyewe ikayapanga kwenye mafolda. Taarifa hizo hukaa ndani ya MP3 yenyewe, hivyo zinasafiri na wimbo hadi kwenye simu ya mteja wa Ukerewe. Wasanii wetu wanastahili majina yao yaonekane! VLC nayo huhariri taarifa, ila wimbo mmoja mmoja, inachosha.

Kabla ya kuiruhusu MusicBee ihamishe mafaili, nakili kwanza muziki wote kwenye diski ya nje.