Baiskeli ya kwenda kazini masika na kiangazi: ipi ununue Dar kwa pesa ya kawaida

Safari tunayoizungumzia ni ya kilomita 3 hadi 8: Buguruni hadi Posta, Sinza hadi Mwenge, Mwananyamala hadi Kariakoo. Kwa umbali huo miguu haikushindi. Kinachoshinda watu ni masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na hewa ya chumvi inayokula chuma mwaka mzima. Muuzaji atakuhesabia gia. Wewe hesabu mambo matatu: breki inashika ikilowa, cheni imekingwa na tope, na tairi ya saizi hiyo ipo kwa fundi wa mtaani kwako. Kwa vigezo hivyo tumezipanga kama ifuatavyo. Yaliyomo humu yanafaa pia Tanga na Unguja, ambako baiskeli ni nyingi na chumvi ni ileile.

1. Mtumba wa Kijapani, gia tatu za ndani

Ni zile zenye kapu mbele, keria nyuma, stendi ya miguu miwili na fremu iliyoshuka katikati. Wanaume wengi huzipita wakisema ni baiskeli za kike. Waache wapite. Fremu hiyo unaipanda ukiwa na kanzu, dera au kreti kwenye keria bila kurusha mguu hewani, na ukisimama ghafla kwenye foleni unashuka bila kujigonga.

Zimeundwa kwa watu wanaokwenda stesheni na sokoni mvua ikinyesha, ndiyo maana zinakuja na madigadi kamili mbele na nyuma, kifuniko cha cheni, na mara nyingi taa inayopata umeme kutoka ndani ya habu (kitovu) ya gurudumu la mbele. Taa hiyo ni bora kuliko ya dainamo ya kichupa inayosugua tairi, kwa sababu kichupa huteleza tairi likilowa na taa ikazimika pale unapoihitaji.

Gia tatu zimefichwa ndani ya habu ya nyuma, mbali na mchanga. Kwenye habu ya Shimano ya gia tatu, ya kwanza inapunguza mwendo kwa takriban asilimia 27 na ya tatu inaongeza asilimia 36. Kwa Ilala au Kinondoni penye tambarare hiyo ni zaidi ya kutosha, na hata kupanda kuelekea Kimara unafika. Gia ikichomoka unapokanyaga kwa nguvu, usiikatae papo hapo. Weka namba 2, kisha angalia kidirisha kidogo pembeni ya habu ambako waya unaingia: mstari uwe katikati ya alama mbili. Usipokuwa katikati, waya umelegea na hiyo ni kazi ya dakika mbili. Ukiwa katikati na gia bado inachomoka, ndani kumelika. Iache.

Breki ya nyuma ndiyo inayohitaji jicho. Iko upande wa kushoto wa gurudumu na huja kwa aina mbili zinazofanana kwa mbali. Ya kwanza ni ya mkanda: kopo la chuma, ndani yake mkanda unabana ngoma. Ikizeeka au ikipata unyevu hupiga kelele mpaka watu wanageuka. Fundi asiyeijua atadondoshea oili ili inyamaze. Itanyamaza kweli, na haitashika tena, maana mkanda umeshakunywa mafuta. Dawa ni kubadilisha mkanda na kusafisha ngoma. Ya pili ni ya rola, nyembamba zaidi, yenye tundu dogo lililozibwa kwa kizibo cha mpira. Hii inataka grisi, ila ni grisi yake maalumu inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya beringi huharibu ushikaji. Ukipata ya rola, nunua hiyo: mvua haiigusi.

Sasa tairi, ambako watu wengi huingia mtegoni. Mtumba wa Kijapani wa inchi 26 kwa kawaida unavaa 26 x 1 3/8. Tairi la baiskeli ya milimani ni 26 x 1.95 au karibu na hapo. Fundi akikwambia "ishirini na sita ni ishirini na sita," soma namba ndogo pembeni ya tairi: la kwanza huishia na 590, la pili 559. Ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye ringi, na tofauti ya 31 haizibwi na ufundi wowote. Zipo pia za 27 x 1 3/8, yaani 630. Hizo watu hulazimishia tairi la Phoenix la 635. Linaingia vizuri, halafu linaruka kwenye ringi upepo ukijaa. Kabla hujalipa, pita kwa fundi wako uulize tairi na tyubu ya 26 x 1 3/8 anayo au anaipata wapi. Asipokuwa nayo kabisa, nenda namba 2 au 3.

Za umeme kutoka hukohuko Japani, zenye mota na nafasi ya betri chini ya siti, usivutwe na bei yake ukazinunua. Betri nyingi zimeshakufa, na bila betri unasukuma karibu kilo 28 za chuma. Zenye mkanda wa mpira badala ya cheni nazo ni nzuri mpaka mkanda ukatike.

2. Phoenix ya inchi 28

Kila duka la vipuri linaijua. Tairi lake ni 28 x 1 1/2, na gololi, koni (vipande vinavyobana gololi kwenye ekseli), spoku, pedali, vyote unapata hadi kijijini. Kama njia yako ni ya vumbi na makorongo, au unabeba mzigo kila siku, hii inapanda kuwa namba 1.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: breki za vyuma zinazovuta raba kwenye ringi ya chuma. Ringi ya chuma ikilowa, raba huteleza mizunguko kadhaa kabla ya kushika. Mvua ikianza, gusa breki kidogo mapema ili raba ifute maji, ndipo ubane, na usimfuate bajaji kwa karibu.

Ukinunua mpya ya boksi, ielewe kuwa ni vipuri vilivyoshikizwa. Fundi aifungue habu zote mbili na ekseli ya pedali, atie grisi ya kutosha, anyooshe ringi, halafu irudi kwake baada ya kama kilomita 50 kwa kukazwa spoku. Pini inayofunga mkono wa pedali ndiyo hulegea kwanza: utasikia "tok" moja kila pedali inapozunguka. Kukaza nati peke yake hakutoshi. Pini inagongwa ikae huku mkono wa pedali umeegemezwa kwenye chuma kizito, ndipo nati ifuate. Ukiiendesha imelegea, pini hulika na tundu la mkono hupanuka.

3. Baiskeli ya milimani ya mtumba, bila shokapu

Chagua yenye foki ya kawaida, ringi za alumini na breki za waya zinazobana ringi kutoka pande mbili. Alumini iliyolowa inashika vizuri kuliko chuma, kwa hiyo kwa breki tu hii inaishinda Phoenix. Tairi la 26 x 1.95 lipo kila mahali.

Inakosa kinga. Nunua madigadi marefu. Vile vipande vifupi vya plastiki havifiki popote. Ongeza kipande cha mpira chini ya lile la mbele kiache kama sentimita 10 kutoka ardhini. Hicho kipande ndicho kinachookoa viatu na cheni. Tairi lenye meno makubwa libadilishwe na la mistari midogo, litakwenda kwa wepesi zaidi barabarani. Hesabu pia kwamba cheni iko wazi, hivyo kila ikinyeshewa lazima uifute na kuitia oili.

4. Mpya yenye shokapu mbili na gia 21

Ndiyo inayong'aa dukani, ndiyo tunayoiweka mwisho. Shokapu ya nyuma inakula nguvu unayokanyaga, maji huingia kwenye ya mbele ikashika kutu na kuganda, na vipuri vyake havipatikani. Kama ina breki za diski za bei rahisi, diski hupinda ikigongwa kwenye maegesho na raba zake kibanda cha fundi hakina.

Mbele ya muuzaji

Nenda mchana, na sumaku ndogo mfukoni, hata ya spika mbovu. Igusishe kwenye ringi: ikinata, ni chuma. Kisha:

Inua gurudumu, lizungushe, tazama ringi inavyopita kati ya raba za breki. Kuyumba kwa milimita 2 au 3 hunyooshwa. Kudunda juu na chini maana yake ringi imegonga shimo, acha.

Shika ringi, itikise kushoto na kulia. Ikicheza, koni zinahitaji kukazwa. Ikikwaruza unapozungusha taratibu kwa vidole kwenye ekseli, koni na gololi zimelika. Gololi ni rahisi: kwa habu za kawaida mbele ni 20 za 3/16 ya inchi, nyuma 18 za 1/4. Koni ndiyo uulize kama ipo.

Legeza bolti ya siti na uizungushe. Bomba la siti lililoganda kwa kutu ni kosa linaloonekana dogo mpaka ujaribu kupandisha siti na ushindwe.

Pindua baiskeli utazame chini ya ekseli ya pedali na pale mirija ya nyuma inapoungana. Kutu ya juujuu si kitu. Rangi iliyovimba kama malengelenge, ukiibonyeza kwa funguo ikabomoka, hiyo fremu imeoza ndani.

Pima cheni kwa rula ya inchi 12: weka sifuri katikati ya pini moja, na pini ya 24 baada ya hiyo iangukie kwenye inchi 12. Ikifika 12 na 1/8, cheni imekwisha.

Mwisho iendeshe, ubane breki kila moja peke yake. Risiti iandikwe namba ya fremu. Kile kibandiko chenye maandishi ya Kijapani ni usajili wa huko kwao wa kuzuia wizi, hapa hakikusaidii. Kufuli la duara la gurudumu la nyuma likija bila ufunguo, lilipunguze bei.

Bei hupanda na kushuka kila kontena likifunguliwa, lakini mgawo ni uleule: katika kila elfu kumi uliyotenga, elfu mbili hadi tatu zisifike kwa muuzaji. Ndizo za waya mbili mpya za breki, raba za breki (za zamani hukauka na kuwa ngumu kama pembe), grisi na mnyororo wenye kufuli. Kama valvu ni za kijimpira, nunua vijimpira viwili vya akiba, na tairi la 26 x 1 3/8 lijazwe psi 40 hadi 45.

Cheni itiwe oili safi, tone moja kila kiungo, kisha ifutwe kwa kitambaa. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari ina chembe za chuma, na grisi inakusanya mchanga. Maji yakituama Jangwani yakafika usawa wa ekseli ya gurudumu, shuka na uisukume kwa njia nyingine. Ukipita nayo humo, maji huingia kwenye habu na kuchanganyika na grisi, na ndani ya wiki chache utaanza kusikia mkwaruzo.