Chumba cha pili kliniki ya wiki ya sita, Kisumu

Nimezaa mara tatu, na ni mara hii ya tatu tu ndipo mtu ameketi na mimi tukazungumza mambo ya kupanga uzazi. Kliniki yenyewe ni ya serikali, mwendo mfupi wa boda kutoka Kondele. Jina silitaji kwa sababu nina lawama pia.

Muelewe kwanza nilikotoka. Hospitali nilikojifungulia kifungua mimba, nilikuwa bado natetemeka baada ya kushonwa, muuguzi akaniuliza akiwa mlangoni: "Wewe, sindano ama kijiti?" Alimaanisha sindano ya kupanga uzazi, au kile kijiti cha homoni kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Wodi nzima ikasikia. Nikasema sitaki kitu. Nikarudi nyumbani nikijiambia kwamba maadamu nanyonyesha na sijaona mwezi, niko salama. Mtoto alipofika miezi minane nikaanza kutapika.

Safari hii nilimpeleka mtoto chanjo ya wiki sita. Alipomaliza kudungwa, sista akaniambia nisiondoke, niingie chumba cha pili. Hakuanza na vijiti wala vidonge. Aliuliza: mtoto ananyonya mara ngapi usiku? Anapewa kitu kingine? Nikajibu ananyonya tu. Akanitazama. "Hata maji, mama? Na hili joto letu?"

Hapo nikamkumbuka mama mkwe na kijiko chake.

Akanieleza kwamba kunyonyesha huzuia mimba kweli, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi haijarudi, na hali kitu ila ziwa la mama, usiku na mchana. Moja likivunjika, huna kinga ya kutegemea. Tena yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, ndiyo maana mtu hushika mimba bila kuona mwezi hata mara moja. Nikamfikiria wangu wa pili, nikacheka peke yangu.

Kisha akaleta trei, akaniachia nishike. Kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, nilikuwa nakidhania kikubwa kama ndoana ya mbuta, kumbe kinapotea kiganjani. Hakina homoni na hukaa miaka kumi au zaidi, lakini hedhi inaweza kuwa nzito. Hiyo nikaikataa, mimi nauza samaki, kutwa nimesimama. Vidonge vya homoni mbili alivisogeza kando mwenyewe, akasema anayenyonyesha angoje miezi sita. Sindano ya miezi mitatu najijua, ningesahau tarehe. Nikachukua vijiti viwili, vya miaka mitano. Kabla ya kuniwekea akauliza kama natumia dawa za TB au kifafa, kwani baadhi yake hupunguza nguvu ya vijiti. Na akaniambia neno ambalo jirani yangu hakuambiwa, akahangaika miezi akidhani anaoza tumboni: damu inaweza kuja ovyo, matone matone, ama ipotee kabisa. "Na ukivichoka hata mwezi ujao, njoo tuvitoe. Hakuna atakayekugombeza."

Kwa huduma yenyewe sikulipa shilingi.

Sasa lawama. Nilifika saa moja asubuhi nikaonwa saa tano. Glovu zilikuwa zimeisha, nikatumwa duka la dawa nikanunue. Hayo nayavumilia. Nisilovumilia ni mlango: hakuna, kuna pazia, na benchi la wanaongoja limeegemea pazia hilohilo. Nikitoka, mama mmoja nisiyemjua akaniuliza, "Na baba watoto anajua umewekwa vijiti?" Wangu anajua. Yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua na ndiye aliyenituma. Lakini nyuma yangu alikuwa msichana ambaye, nikimwangalia tu, swali hilo lingemfikisha nyumbani kabla yake. Alisimama akaenda zake bila kuingia.

Nyota nne kwa yule sista, mbili kwa jengo. Nilirudi wiki ya kumi, pazia ni lile lile. Ukienda, epuka Jumatatu na ubebe leso ya kukalia. Benchi ni la simiti.