Koti la Brookdale: uzoefu wangu wa miaka minane

Mpwa wangu aliwasili kutoka Kisii katikati ya Januari akiwa amevaa sweta ya shule na tabasamu la mtu asiyejua kinachomngoja nje ya mlango wa uwanja wa ndege. Siku ya pili akaniuliza, "Mjomba, huku watu hununua koti wapi?" Mdomo ulijibu kabla ya akili: Brookdale. Mke wangu alicheka huko jikoni mpaka akaweka mwiko chini. Jumba la maduka la Brookdale lilibomolewa mwaka 2011.

Kwa hiyo hii ni tathmini ambayo haitamsaidia mtu kununua chochote. Nilikuwa mteja wa jumba lile la maduka kuanzia Januari 2002 hadi lilipofungwa mwaka 2010, na sijaona aliyeliandikia kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili kilisemwa sana kwenye mabenchi yake.

Kwa asiyepajua: Brookdale ilikuwa Brooklyn Center, kitongoji cha watu elfu 30 na ushei kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Pamoja na jirani yake Brooklyn Park, ndiko Waliberia wengi na Wakenya wengi walikotua mizigo yao. Ukitoka kwenu Gusii ukafika huku, siku ya tatu tu utakuwa umekutana na mtu anayemjua baba yako.

Aliyenipeleka mara ya kwanza ni binamu yangu, aliyekuwa amenitangulia kwa miaka mitatu. Nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilikuwa na jaketi ya soko la mitumba la Gikomba ambayo Nairobi nilikuwa nikiivaa mwezi wa saba na kutoka jasho. Kutoka kwenye gari hadi mlangoni ilikuwa kama nimevaa gazeti. Kisha mlango wa kwanza ukafunguka. Kati ya mlango wa kwanza na wa pili kulikuwa na kichumba chenye hewa ya moto iliyokushukia utosini, na wote tuliokuwa tukiingia tulisimama pale sekunde kadhaa tukijifanya tunakung'uta theluji viatuni. Hakuna aliyekuwa anakung'uta theluji.

Koti nililinunua kwenye duka kubwa la Marshall Field's, ambalo wenyeji wote waliliita Dayton's kwa sababu jina lilikuwa limebadilishwa mwaka mmoja tu kabla. Krismasi ilikuwa imepita, makoti yalikuwa kwenye bei ya kutupa. Nilikuwa nimeonywa kwamba Marekani bei ya kwenye lebo siyo utakayolipa, kuna kodi inakusubiri kwa keshia. Nikahesabu dola za ziada mkononi. Keshia akanirudishia. Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo. Hilo ni jambo moja zuri la jimbo hili ambalo nimekuwa nikilihubiri kwa kila mgeni tangu siku ile.

Sasa, nikisema kilichonifanya niipe Brookdale nyota tano katika miaka ile ya mwanzo, koti halimo. Ni joto. Kati ya Novemba na Machi, mtu asiye na gari zuri wala nyumba kubwa hana mahali pa kwenda hapa. Kibaraza hakuna, kivuli cha mwembe hakuna, duka la jirani la kuegemea kaunta ukipiga gumzo hakuna. Brookdale ilikuwa barabara iliyowekewa paa. Asubuhi kabla maduka hayajafungua, wazee wa Kizungu waliingia na raba nyeupe wakazunguka, mzunguko baada ya mzunguko, kwa ajili ya moyo na magoti. Jumapili baada ya ibada tulikuwa sisi: akina mama wa Kiliberia na vilemba vyao, wazee wetu walioletwa kulea wajukuu, watoto wakikimbizana. Mtu angenunua soda moja akakaa saa tatu na hakuna aliyemuuliza. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutusaidia mtoto wa kwanza alipozaliwa, hakuwahi kununua hata sindano mle ndani, na ndiye aliyepapenda kuliko sisi wote.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba lile joto lilikuwa wazo la mtu. Victor Gruen, mchoraji majengo kutoka Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938, ndiye aliyechora Southdale, iliyofunguliwa tarehe 8 Oktoba 1956 katika kitongoji cha Edina, upande wa kusini wa Minneapolis. Lilikuwa jumba la kwanza la aina yake Marekani: maduka 72 yaliyofunikwa yote chini ya paa moja, na hali ya hewa ya kupangwa mwaka mzima. Waliolijenga ni akina Dayton, wenye lile duka la nguo, na walimkaribisha mshindani wao Donaldson's akae upande wa pili ili wateja watembee kutoka huku hadi kule na kupita mbele ya maduka madogo. Biashara ilishika. Brookdale ikafuata mwaka 1962, Rosedale 1969, Ridgedale 1974, ndugu wanne kwenye pembe nne za jiji.

Kuna jambo dogo hapo ambalo hunichekesha. Mwaka huohuo wa 1962 walipofungua Brookdale, kampuni hiyohiyo ya akina Dayton ilifungua pia duka la kwanza la Target, huko Roseville. Duka la bei nafuu, lenye maegesho yake mwenyewe, lisilohitaji jumba wala jirani. Mkono mmoja ulipanda mti, wa pili ukapanda mzabibu wa kuukaba.

Gruen mwenyewe alitaka Southdale izungukwe na nyumba, shule, hospitali na bustani, mji kamili wa kutembea kwa miguu. Alichopata ni lami ya maegesho. Uzeeni alirudi Vienna na akakataa kuitwa baba wa majumba haya. Mimi naona alijikatia tamaa mapema mno. Angekuja Brookdale Jumapili saa nane mchana angewaona wale vikongwe wetu.

Kuhusu kuporomoka, nitasema nilivyoona kwa macho na nilivyoelezwa na binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi za jioni katika duka moja dogo mle ndani. Duka kubwa la Mervyn's liliondoka Minnesota mwaka 2004, na tawi la Brookdale likazimwa taa. JCPenney nayo ikaondoka. Mimi nilidhani duka moja likifungwa, wateja wake wanahamia kwa jirani na jirani anafurahi. Binamu yangu akaniambia ni kinyume. Yale maduka makubwa ya pembeni hulipa pango dogo sana, pengine karibu na bure, kwa sababu ndiyo yanayovuta watu. Anayelipia jumba ni muuza viatu, muuza hereni, muuza peremende. Na mikataba ya hao wadogo mara nyingi ina kifungu: duka kubwa likihama, pango langu linashuka, au naruhusiwa kuvunja mkataba nijiondokee. Kwa hiyo kubwa moja likitoka, wadogo wanalipa kidogo. Mwenye jumba anapungukiwa. Kubwa la pili linatazama dirishani na kuona kumepoa. Ni kama kufumua sweta. Unavuta uzi mmoja kwenye pindo na mkono mzima unakuja.

Wateja nao walikuwa na kwingine pa kwenda. Mall of America ilikuwa imefunguliwa tarehe 11 Agosti 1992 huko Bloomington, ina maduka zaidi ya 500 na bembea za watoto katikati. Halafu karibu na kwetu zaidi, Maple Grove ikajenga Arbor Lakes, maduka mapya kwenye mtaa wa wazi, katika kitongoji kilichokuwa kikikua na chenye mishahara minono.

Hapa niseme neno ambalo huenda likamkera mtu. Nimesikia mara nyingi, kazini na hata kwa kinyozi, kwamba Brookdale iliuawa na "mabadiliko ya mtaa". Maana yake ni sisi. Eti tulipoingia sisi wageni na Wamarekani weusi, wanunuzi wakaogopa wakahama. Kuhama walihama kweli. Lakini nani alibaki akinunua? Mimi nilikuwa pale Desemba 2006, mwaka ambao Marshall Field's iligeuka kuwa Macy's. Foleni kwa keshia ilikuwa ya watu wanaofanana na mimi, mikoba imejaa nguo za kupeleka Monrovia na Mombasa. Fedha yetu haikuwa na rangi. Kilichokosekana ni mtu wa kuiamini kabla hajafungasha.

Malalamiko yangu binafsi yapo, ila ni ya duka moja dogo, nalo nitalistiri jina. Mwaka 2008 nilinunua buti za theluji za mke wangu, muuzaji akaniapia kwamba ndani ya siku 30 nikiwa na risiti narudisha chochote. Siku ya kumi na tisa soli ya mguu wa kushoto ikafunguka kama mdomo wa kambare. Nikaenda na buti, na risiti, na hasira. Wavu wa chuma ulikuwa umeshushwa, ndani rafu ni tupu, na kwenye kioo karatasi ya kuwashukuru wateja. Nilisimama pale nikiwa nimeshika buti kama mtu aliyekuja kumtembelea mgonjwa akakuta kitanda kimetandikwa. Mke wangu alizivaa zile buti majira mawili zikiwa zimefungwa kwa utepe mnene wa gundi. Hajasahau, na kila mara hutaja kwamba ni mimi niliyechagua.

Mwaka 2009 ikawa zamu ya Macy's, kwenye orodha ya matawi 11 ambayo kampuni ilitangaza Januari kuyafunga. Kama hujawahi kuona duka la namna hiyo likijiuza, basi jua kwamba mwishoni huuza hata lenyewe: vioo, meza, mikono ya plastiki ya zile sanamu za kuvalishwa. Nilinunua viango 40 vya mbao kwa dola 5. Ninavyo hadi leo, ni vizito na havipindi, na kwa bidhaa hiyo moja naipa huduma nyota tano bila kupunguza.

Baada ya hapo kutembea mle ndani kulikuwa kama kutembea kwenye shule wakati wa likizo. Muziki ulikuwa bado unacheza juu, nyimbo za Krismasi, kwa ajili ya nani sijui. Wazee wa raba nyeupe walizunguka mpaka mwisho. Nilipokwenda nyumbani miaka michache baadaye na kuingia supamaketi moja ya jina kubwa Nairobi, nikakuta rafu zimepangwa chupa za maji mstari mmoja mbele ili kuficha uwazi wa nyuma, nilimnong'oneza dada yangu: hawa hawana mwaka.

Jumba lilifungwa 2010, tingatinga zikaja 2011, na mwaka 2012 ikafunguliwa Walmart kwenye kiwanja kilekile, sasa kikiitwa Shingle Creek Crossing. Jina ni la kijito kilichokuwa kikipita chini kwa chini, kimefungiwa kwenye kalvati kubwa. Walipojenga upya walifungua sehemu yake kikaona jua. Mimi nilikuwa nimetembea juu ya mto miaka minane bila kujua. Duka kubwa la Sears liliendelea kusimama peke yake pembeni kwa miaka kadhaa, kama jino la mwisho.

Walmart ilikuwa ya kufaa, siwezi kuisema vibaya. Mchele wa gunia, mafuta, dawa, vyote mahali pamoja. Lakini unaingia na toroli, unatoka na toroli. Mama mkwe aliporudi kututembelea nilimpeleka, akazunguka njia zote 20 na kitu, kisha akauliza tunakaa wapi. Tukaenda kukaa kwenye gari, injini ikiunguruma.

Nayo haikudumu. Target ya mtaani ilikuwa imefungwa 2019. Mtaa ukapita katika siku chungu za Aprili 2021, baada ya polisi kumuua kijana Mweusi, Daunte Wright, na maduka ya pale yakavunjwa. Walmart ikafunga Aprili 2023. Kiwanja kimoja, umri wangu mmoja, nimekiona kikifa mara mbili.

Basi koti la mpwa wangu. Kituo cha mabasi cha Brooklyn Center kiko hatua chache kutoka ilipokuwa Brookdale, na tangu Desemba 2022 kuna basi la D Line linaloanzia pale na kuishia Mall of America. Yeyote aliyepanga njia ile alikuwa na ucheshi wa kimyakimya: linatoka kwa marehemu linakwenda kwa aliyerithi. Ni safari ya zaidi ya saa moja, kupitia katikati ya jiji na Chicago Avenue. Mpwa wangu alivaa koti langu la mwaka 2002, mikono imekunjwa mara mbili.

Kule ndani alilivua baada ya dakika tano. Wenyewe husema kumbi za Mall of America hazina mitambo mikuu ya kupasha joto. Joto linatokana na vioo vya paa, taa, na miili ya watu wanaopita. Alipata koti la bluu, zuri, limejazwa manyoya. Alipofungua pochi kuhesabu kodi nilimwambia funga, hapa nguo hazina kodi, na nikamsisitizia aitunze risiti. Kabla hajalipa nikamuuliza muuzaji kama duka hili litakuwepo mwezi ujao. Alicheka, akidhani namtania.