Kurudilia hesabu kwa intaneti: uanzie wapi, franka uzitie wapi

Mwanafunzi aliyepata diploma ya Serikali ya pedagojia kisha akaingia uchumi UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), mara nyingi si derivati zinazomwangusha. Ni hesabu za sehemu (kama 1/2, 3/4) na algebra za chini yake. Mpe (2x² + 6x)/2x: atakata 2x kwenye neno la kwanza tu, abaki na x + 6x. Jibu ni x + 3, mradi x si 0. Ukijiona hapo, usiguse bado somo la ngazi ya chuo.

1. Khan Academy ya Kifaransa, masomo ya video na mazoezi. Bure. Fanya mtihani wa sura kabla ya video. Ukiupita, ruka sura. Video zipakue penye Wi-Fi, mega zako zitunzie mazoezi, maana yanataka mtandao. Usikimbilie ya Kiingereza eti ina mengi: huko ]0, 3[ yetu, yaani namba zote kati ya 0 na 3, inaandikwa (0, 3), tg (tanjenti) ni tan, 2,5 ni 2.5. Na mtihani wako utakuja kwa Kifaransa.

2. Exo7, tovuti ya mazoezi ya hesabu kutoka Chuo Kikuu cha Lille, Ufaransa. Bure pia, ila ni ngazi ya chuo, kwa hiyo algebra kwanza. Mazoezi yako kwenye PDF, mengi yana vidokezo na masahihisho. Pakua, peleka fotokopi. Umeme ukikatika unaendelea na kalamu. Franka za kwanza zitoke hapa. Wengi huharibu kwa kusoma sahihisho kama gazeti: lifunike, hangaika nusu saa, ndipo ulinganishe mstari kwa mstari.

3. Video za Yvan Monka, mwalimu wa hesabu Mfaransa, YouTube. Anaeleza polepole, ngazi ya sekondari. Kwa ubora wa picha wa 144p unaokoa mega, lakini x² na x³ vinafanana. Weka 360p, ukijua saa moja inaweza kula mega 300 hivi.

4. Photomath, programu ya simu inayopiga picha hesabu na kuikokotoa. Ya kuhakiki jibu ulilokwisha kulipata, basi.

5. Masomo ya kulipia ya nje. Mengi yanataka kadi ya Visa, M-Pesa na Airtel Money hayapokei, na jaribio la bure hugeuka malipo ya kila mwezi usipolifuta mapema. Afadhali umlipe mwanafunzi wa hesabu aliyekutangulia, umtumie picha za daftari kwa WhatsApp. Mpatane kabla ya kulipa: hatumi jibu tupu, anazungushia wino mwekundu mstari wa kwanza ulioharibika, nawe unaurudilia mwenyewe kuanzia hapo.