Karura kwa fundichuma, mtaani kwa chura

Wengi wanaosifu Msitu wa Karura, jijini Nairobi, husifu maporomoko na njia za baiskeli. Mimi nauangalia kwa jicho la shangazi anayetaka kumwonyesha mtoto viumbe wawili tu: fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi kisogoni, na chura wa bustani mwenye ngozi ya vinundu.

Kwa fundichuma, nampa Karura alama zote. Fika asubuhi mapema, elekea ziwa dogo la Lily, kisha mtulie. Akiwepo utamwona majini akitikisa mguu mmoja kwenye tope ili kilichojificha kitoke, halafu anadonoa. Angalieni na juu ya miti. Kiota chake ni lundo la vijiti linaloweza kufika upana wa mita moja na nusu, lenye paa imara hata mtu mzima akisimama juu halibomoki, na kijilango upande wa chini kilichokandikwa tope. Dume na jike hujenga pamoja kwa wiki nyingi, na bado bundi anaweza kuja kuwanyang'anya. Mpwa wangu aliposikia hayo alikasirika kwelikweli, na nilimpenda kwa hilo. (Bila mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake kusimama imara mwaka 1999 kupinga msitu kugawiwa, hapa pangekuwa viwanja vya watu.)

Chura ni habari nyingine. Msitu hufungwa jioni, naye ndiyo kwanza anatoka shimoni. Msimtafute huko. Ngojeni mvua za Machi zianze, mshike tochi, mfuate mitaro na madimbwi ya mtaani kwenu. Mtawasikia madume kabla ya kuwaona. Jike hajengi chochote. Hutaga mayai kwa maelfu, yamepangana kwenye uzi mrefu wa utelezi, akaenda zake. Watu humwita mchafu na kumrushia chumvi, jambo linaloniuma, maana usiku kucha anatupunguzia mchwa na mende kwa kuwala. Mtoto akimgusa anawe mikono kabla ya kupangusa macho, kwani nyuma ya macho ya chura kuna tezi za sumu. Mbwa mfungeni.

Mkitaka wote wawili kwa safari moja, rudini Karura mvua zikishakolea, mkague kingo za maji mchana. Viluwiluwi, watoto wa chura, watakuwa wamejaa, na fundichuma huwafuata hapohapo kuwala.