Makabati ya jikoni kwa bajeti ndogo: lipi lishike nafasi ya kwanza, lipi lisubiri

Jiko la Dar es Salaam huozesha kabati kuanzia chini. Maji ya deki hupita kila siku, bomba la sinki huvuja polepole bila mtu kujua, na joto la pwani haliruhusu chochote kukauka vizuri. Ndiyo maana unakuta kabati la miaka miwili ambalo milango yake ya juu bado inang'aa, lakini ubao wa chini umevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Mwenye nyumba alitoa hela nyingi kwa ajili ya rangi na vishikio, na sehemu inayokanyagwa na maji akaiacha ichaguliwe na fundi.

Mpangilio ninaoutoa hapa umeongozwa na jambo hilo. Sijapanga kwa uzuri wa picha. Nimepanga kwa kuangalia kitakachobaki kimesimama baada ya miaka kumi kwa mtu anayejenga Chanika, Kigamboni au Goba, aliyehamia nyumba haijaisha na anaimalizia kidogo kidogo. Mpangaji, anayeishi nyumba ya kukodi, nina neno lake pia, huko mbele.

Nafasi ya kwanza: chini tofali na zege, juu ya hapo milango tu

Huu ni mtindo ambao watu wengi huuacha kwa kudhani umepitwa na wakati. Kwa mwenye nyumba yake na pesa ya kubana, hakuna kinachoufikia. Unajenga kuta fupi za tofali, unamwaga zege juu yake, unaweka marumaru (vigae) au graniti, kisha unafunga milango mbele. Hapo hakuna cha kuvimba, na mchwa hapati cha kula.

Tazama hesabu ya bodi, kwa sababu bodi ndiyo inayokula pesa. Chukua ukuta wa mita 3. Ukitengeneza makabati matano ya upana wa sentimita 60 kwa bodi za futi 4 kwa 8, utahitaji bodi nne za unene wa milimita 18: tatu kwa ubavu, sakafu na shelfu, na ya nne kwa milango. Ongeza bodi moja nyembamba ya migongoni. Ukijenga kwa tofali, hizo tatu zinatoka na ile ya migongoni inatoka. Inabaki bodi moja ya milango, pamoja na fremu ya kuifungia. Saruji, mchanga, nondo na ufundi ni gharama, lakini kama fundi mwashi bado yuko saiti kwa kazi nyingine, ni kazi ndogo kwake.

Kuna mambo ya kumsimamia. Ukuta wa tofali za inchi 5 ukishapigwa lipu pande zote mbili hufika kama sentimita 15, kwa hiyo usimwachie ajenge ukuta kila baada ya sentimita 60. Kwa mita 3, kuta mbili za katikati zinatosha. Unapata nafasi tatu za sentimita 90, na kila nafasi inachukua milango miwili ya sentimita 45. Sakafu ya ndani iinuliwe sentimita 10 kutoka sakafu ya jiko, ili maji ya deki yasiingie, na kitako hicho kirudi ndani sentimita 5 hadi 7. Bila nafasi hiyo vidole vya miguu vitagonga ukuta kila unapoosha vyombo, utalazimika kuinama mbele, na mgongo utakuuma.

Kimo nacho hakipaswi kukisiwa. Kimo cha kawaida ni sentimita 85 hadi 90 na kina ni sentimita 60, lakini kipimo bora ni cha mwili wa mpikaji mwenyewe. Asimame wima, akunje mkono, upime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha utoe sentimita 10 hadi 15. Hicho ndicho kimo cha sehemu ya kukatia mboga, marumaru ikiwa imeshawekwa. Mafundi wengi hupima zege, halafu gundi na marumaru vinaongeza kimo bila mtu kukumbuka. Kama mpikaji mkuu wa nyumba ni mama mfupi, jiko lijengwe kwa kimo chake. Kimo cha baba anayelipa hakina kazi hapo.

Juu ya zege, marumaru kubwa ngumu ya sakafuni ni rahisi kuliko graniti, na kama ulibakiza vipande kutoka sebuleni umeshaokoa pesa. Tatizo lake ni maungio, ambayo hushika mafuta na kuwa meusi. Chagua marumaru kubwa ili maungio yawe machache, na usitumie saruji nyeupe kuyajaza. Graniti ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa karibu kilo 54 kwa kila mita ya mraba. Zege linaubeba bila shida, na hapo ndipo kabati la bodi nyembamba linaposhindwa.

Ubaya wa njia hii ni kwamba haihamishiki. Ukikosea mahali pa sinki, utavunja. Kwa hiyo bomba la maji safi, bomba la maji machafu na soketi viwe vimeshapita kabla ya tofali la kwanza.

Nafasi ya pili: marine bodi

Kama tofali haziwezekani, labda kwa sababu ghorofa imeshaisha au hutaki vumbi la ujenzi, kabati la chini liwe la marine bodi ya milimita 18. Ni tabaka za mbao zilizogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Inashika skrubu vizuri, na ikilowa kidogo hukauka na kurudi kazini.

Shida ni kwamba jina hilo hupewa bodi nyingi zisizostahili. Zile zenye ngozi ya kahawia au nyeusi inayong'aa hutengenezwa hasa kwa ajili ya kumwagia zege. Nyingine ni nzuri, nyingine ndani zina mapengo. Usinunue kwa kuangalia ngozi. Tazama ubavu wa bodi: tabaka ziwe zimebanana, bila mashimo. Kisha omba kipande kidogo cha masalio, nenda nacho nyumbani ukichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa. Tabaka zikiachana, gundi hiyo haifai chini ya sinki, hata muuzaji aape vipi. Ni jaribio linalokula gesi kidogo tu na kukuepusha na hasara kubwa.

Kila kingo iliyokatwa lazima ifungwe kwa rangi ya mafuta au vanishi kabla ya kuunganishwa, pamoja na zile za chini zisizoonekana. Hizo za chini fundi mwenye haraka huziruka, na maji huanzia hapo hapo.

Nafasi ya tatu: aluminiamu na bodi za PVC (plastiki)

Haya yameenea sana mjini, na yanafaa. Hayavimbi, hayaliwi, na mende hapati nyufa nyingi za kujificha kama kazi ni safi. Kinachonifanya niyaweke ya tatu ni wembamba. Fremu nyepesi hulegea kwenye kona, milango inaanza kushuka, na mlango wa aluminiamu uliopinda ni vigumu kuunyoosha. Bonyeza fremu kwa kidole gumba dukani. Ikibonyea, endelea na safari. Kwa anayeishi karibu na bahari, ribiti na skrubu ziwe za stenlesi, kwani chuma cha kawaida hushika kutu na kuchafua weupe wote.

Bodi ya PVC inafaa sana chini ya sinki, lakini hulainika kwa joto. Isikae ubavuni mwa jiko la gesi lenye oveni.

Nafasi ya nne kwa chini, ya kwanza kwa juu: MDF na chipubodi

Bodi hizi nimezipa nafasi mbili kwa makusudi. Chini ni hatari: unga wa mbao uliogandamizwa ukinywa maji huvimba na haurudi tena. Zile za katikati ya kijani hustahimili unyevu zaidi, ingawa rangi ya kijani peke yake haithibitishi chochote, na hata hizo hazikutengenezwa kukaa kwenye maji. Juu, mbali na maji, zinafanya kazi yake vizuri na kwa bei nafuu. Zinazokuja na uso wa melamini tayari hazihitaji rangi, na hiyo ni gharama nyingine umeiepuka.

Utepe wa kingo ubandikwe kwa mashine pale bodi zinapokatwa. Ule wa kubandika kwa pasi huachia pembeni mapema, na jikoni mvuke humalizia kazi. Bodi nzima ya MDF ya milimita 18 inakaribia kilo 40, basi usiifunge juu kwa misumari.

Nafasi ya tano: mbao ngumu

Mninga, mkongo na mtiki ni mbao za heshima. Bei yake ndiyo inayoziweka hapa, pamoja na ukweli kwamba mbao nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Mlango unapendeza siku ya kufungwa, baada ya miezi michache umepinda na haufungi. Nunua mbao ngumu kwa ajili ya fremu tu, ile inayoshika milango kwenye tofali. Paini kutoka Sao Hill, Mufindi, ni rahisi na inafaa kwa reli za kuning'inizia makabati ya juu, mahali pakavu.

Ya mwisho: kabati la dukani lililo tayari

Mgongo wa kadibodi na ubavu wa chipubodi nyembamba. Kwa mwenye nyumba silipendekezi. Kwa mpangaji ni hadithi nyingine: usimjengee mwenye nyumba jiko kwa pesa yako. Nunua au chonga kabati moja la kusimama lenyewe, lenye miguu ya plastiki ya kuzungusha, la kupita mlangoni siku ya kuhama, na mengine yote yasubiri.

Bawaba na droo

Pesa uliyookoa kwenye bodi ipeleke hapa. Mlango hufunguliwa mara nyingi kila siku kwa miaka, na kinachoubeba ni bawaba mbili. Nunua mwenyewe Kariakoo, mkononi, badala ya kumpa fundi hela akalete anachojua. Za kabati ni zile za kikombe cha milimita 35. Mlango wa kimo hadi sentimita 90 unabebwa na mbili, mrefu zaidi ya hapo uwe na tatu. Zinatofautiana: zipo za mlango unaofunika ubavu wote, za mlango unaofunika nusu, na za mlango unaoingia ndani ya fremu. Jua mlango wako ni wa aina gani kabla ya kwenda dukani, la sivyo utanunua mzigo mzima usiofaa.

Droo zina gharama kuliko milango, maana kila moja ni sanduku lenye reli zake. Tatu zinatosha familia nyingi: vijiko na visu, viungo, na vitu vidogo visivyo na kwao. Reli ziwe za gololi. Ile ya bei ya chini yenye magurudumu ya plastiki haiivumilii droo ya sahani.

Gesi

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia chini, kwa hiyo kabati linalofungiwa mtungi bila tundu ni hatari kwa nyumba nzima. Mtungi ukae nje, na bomba lipite ukutani. Kama lazima uwe ndani, kabati hilo liwe na matundu karibu kabisa na sakafu yanayotoka nje ya nyumba. Juu ya jiko usiweke kabati. Kama nafasi ni finyu sana, acha angalau sentimita 75 juu ya moto.

Kufunga

Kuta zetu hazikunyooka. Pima upana wa ukuta mara tatu, chini, katikati na juu, kisha tumia kipimo kidogo. Ukiwa na makabati ya bodi pande zote, anza na ya juu ili usimame karibu na ukuta bila kuegemea ya chini. Kati ya kaunta na kabati la juu acha sentimita 50 hadi 60, na kina cha juu kisizidi sentimita 35, usije ukagonga paji la uso. Skrubu zivuke lipu na kuingia ndani ya tofali sentimita 5. Zikiishia kwenye lipu, sahani zote zitashuka siku moja. Pimamaji iwepo, na uishike wewe mwenyewe angalau mara moja.

Kama fedha haitoshi yote, fanya chini kwanza: kaunta, sinki, milango. Juu weka mbao mbili za kupangia vyombo, na makabati yafuate ukipata.

Andikeni na fundi unene wa bodi, aina ya bawaba na idadi ya droo, na ubakize sehemu ya malipo. Kabla hujaitoa, ziba sinki, lijaze hadi juu, kisha achia maji yote kwa mpigo. Pitisha tishu kavu kwenye kila ungio la bomba chini yake. Ikilowa hata kidogo, fundi bomba arudi akaze, mjaze tena na kupima tena, na kabati lisipangwe kitu mpaka tishu itoke kavu.